Lugha ya Makadirio katika Hesabu za Desimali: Mfano wa Kigoma na Ujiji

Mtoto wa shule ya msingi apewapo hesabu ya 3.75 kujumlisha 12.4, yapo majawabu matatu ambayo mwalimu huyaona mara kwa mara daftarini. La kwanza ni 16.15, nalo ndilo sahihi. La pili ni 4.99, hili hutokea mtoto azisukumapo tarakimu zote upande wa kulia, kama azipangavyo namba nzima, asizitazame nukta. La tatu ni 15.79, hili hutokea ajumlishapo 3 na 12 peke yake, kisha 75 na 4 peke yake, akatia nukta katikati. Makosa haya mawili si ya uvivu, wala si ya kutojua kujumlisha, maana kila mahali mtoto amejumlisha barabara. Yametokea kwa sababu, kabla ya kushika kalamu, hakujiuliza jawabu litakuwa kiasi gani. Kujiuliza huko ndiko kuitwako kukadiria.

Makala haya yanaeleza namna kukadiria kunavyofaa katika kujumlisha na kutoa desimali, na hasa maneno yatumikayo katika kazi hiyo. Mahali palipochaguliwa ni Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, kwa kuwa biashara ya huko imepitia vipimo vya namna nyingi, na kwa kuwa hata leo mtoto wa huko hukutana na desimali mwaloni na sokoni kabla ya kukutana nazo ubaoni. Hoja yenyewe ni hii: Kiswahili cha sokoni kina tayari maneno mawili, *kasoro* na *ushei*, ambayo hukadiria kwa ukamilifu kuliko kanuni ya kitabuni, na mwalimu akiyaacha nje ya darasa humnyima mtoto chombo alichokwisha kuwa nacho.

I. Maneno ya kukadiria

Yafaa kwanza kutenga maneno matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. *Kubahatisha* ni kutaja jawabu pasipo msingi wowote, na likipatikana ni bahati tu. *Kukisia* ni kutaja jawabu kwa kutegemea mazoea ya jicho au ya mkono, kama mvuvi akisiavyo uzito wa fungu la migebuka kwa kuliinua. *Kukadiria* kuna msingi wa kipimo, kwani neno lenyewe latokana na Kiarabu *qadr*, lenye maana ya kiasi au cheo. Mwenye kukadiria aweza kueleza jinsi alivyopata jawabu lake, na aweza pia kusema kosa lake halitapita wapi. Mwalimu aambiaye darasa, “Bahatisheni jawabu,” huku akitaka wakadirie, amewaagiza kazi nyingine kabisa.

Neno la nne ni *kukaribisha*, litumikalo shuleni kwa kazi ya kuibadili namba kama 7.8 iwe 8. Wako walioliona kuwa neno la kuchekesha, kwa kuwa kila mtoto hulijua kwa maana ya kumpokea mgeni. Walakini asili yake hailaumiki. *Karibu*, *karibisha* na *takriban* yote yatokana na shina moja la Kiarabu lenye maana ya ukaribu. Kuikaribisha 7.8 ni kuifanya iwe karibu na namba nyepesi, kama vile kumkaribisha mgeni ni kumtaka awe karibu. Neno hili likielezwa hivyo mara moja, mtoto hatalisahau. Likiachwa bila maelezo, huwa amri isiyo na maana.

Ugumu mkubwa zaidi uko katika majina ya nafasi. *Makumi* ni nafasi ya pili kushoto kwa nukta, na *sehemu za kumi* ni nafasi ya kwanza kulia kwake. Mtoto aambiwapo aikaribishe 47.36 kwenye makumi, jawabu ni 50. Aambiwapo kwenye sehemu za kumi, jawabu ni 47.4. Sauti ya maneno haya mawili imekaribiana mno, na tofauti ya majawabu ni kubwa. Tena *sehemu ya kumi* lenyewe lina maana mbili, kwa sababu Kiswahili hutumia muundo huohuo kwa kupanga na kwa kugawa: *sehemu ya tatu ya kitabu* yaweza kuwa ile ifuatayo ya pili, na yaweza kuwa theluthi yake.

Lugha ilikuwa na njia ya kuepuka utata huu. Majina ya mafungu yaliyotoka Kiarabuni yalikuwa mfululizo kamili: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi, subui, thumuni, tusui na ushuri. *Ushuri* ndilo fungu moja katika kumi, yaani neno lilelile ambalo leo lingehitajiwa kwa 0.1. Lakini *ushuru*, ndugu yake wa shina moja, limeshika maana ya malipo ya forodhani na sokoni, na maana ya hesabu imefifia. *Thumuni* nalo lilihama: maana yake ya asili ni fungu moja katika manane, lakini katika fedha za Afrika ya Mashariki *sumuni* ilikuwa senti 50, yaani nusu ya shilingi. Yaliyobaki hai kinywani mwa watu wote ni nusu na robo, pamoja na *robo tatu*. Kwa hiyo mtoto aingiapo darasa la desimali, ana maneno madhubuti kwa 0.5, 0.25 na 0.75, lakini hana jina jepesi kwa 0.1, ambalo ndilo mzizi wa hesabu yote.

II. Vipimo vya zamani vya Ujiji

Si kweli kwamba kuhesabu kwa makumi ya mafungu kuliletwa Ujiji na shule. Richard Burton na John Speke, waliofika Ujiji Februari 1858, walikuta njia yote ya misafara ikitumia shanga na nguo kama fedha. Katika shanga, *khete* kumi zilifanya *fundo* moja. Kwa hiyo mtu mwenye fundo tatu na khete nne alikuwa na mali ambayo leo ingeandikwa fundo 3.4, na mwenye kuzidisha khete hata zikafika kumi alizifunga pamoja zikawa fundo jipya. Hilo ndilo tendo la kubeba moja lifanywalo leo katika kujumlisha desimali, ila tu lilifanywa kwa uzi na mkono.

Vipimo vingine havikufuata makumi. Shuka ilikuwa mikono minne, na doti ilikuwa shuka mbili. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Pembe zilipimwa kwa frasila, yenye ratili kama 35, na msomaji wa *Maisha ya Hamed bin Muhammed*, yaliyochapwa pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki mwaka 1958 na 1959, atakuta pembe zikihesabiwa humo kwa frasila. Mtu wa Ujiji wa siku zile alibeba kichwani hesabu za minne, za minane, za makumi na za thelathini na tano kwa wakati mmoja.

Jambo moja la soko hilo lina uzito katika habari ya makadirio. Verney Lovett Cameron, aliyefika Ujiji mwaka 1874, aliandika kwamba soko lilipofunguliwa walikuja watu wenye mikoba ya shanga ziitwazo *sofi*, wakazibadilisha kwa waliotaka kununua, na soko lilipofungwa wakazipokea tena kutoka kwa wauzaji, wakapata faida mara zote mbili. Kila vitu viwili visivyolingana vinapobadilishwa, hubaki kijisehemu kidogo, na mwenye kuamua kijisehemu hicho kiende upande gani hupata chake. Mtu asiyejua kukadiria hakioni kijisehemu hicho kikiondoka.

Fedha za baadaye zilisogea polepole kuelekea mia. Rupia ya Wadachi iligawanywa katika pesa 64 hata mwaka 1904, ilipofanywa kuwa heller 100. Shilingi ya Afrika ya Mashariki, iliyotolewa mwaka 1921, ilikuwa ya senti 100. Vipimo vya urefu na uzito vilifuata katika miaka ya mwisho ya 1960, Tanzania ilipohamia mita, kilo na lita. Kwa muda wa vizazi viwili shilingi na senti ndizo zilizomfundisha mtoto sehemu za mia. Leo senti zimekwisha kutoweka sokoni kwa kupungua thamani ya fedha, na msaada huo umeondoka. Mtoto wa Kigoma wa sasa hukutana na desimali katika mizani ya dagaa, katika lita za mawese, na katika mita za kitambaa.

III. Kuisoma nukta

Hata siku zile senti zilikuwa msaada wenye hila. Bei iliyoandikwa 3/25 ilisomwa “shilingi tatu na senti ishirini na tano”, yaani vitu viwili vilivyowekwa pamoja, si namba moja. Mazoea hayo yakihamishiwa kwenye desimali, 3.25 husomwa “tatu nukta ishirini na tano”, na 3.4 husomwa “tatu nukta nne”. Mtoto asikiapo ishirini na tano upande mmoja na nne upande wa pili, huamua kwamba 3.25 ni kubwa kuliko 3.4. Sikio ndilo lililomkosesha. Jawabu la 15.79 lililotajwa mwanzoni lina asili hiyohiyo: 75 na 4 zimejumlishwa kama kwamba zote ni senti.

Njia iliyo salama ni kuzitaja tarakimu moja moja baada ya nukta: “tatu nukta mbili tano”. Hapo kila tarakimu hubaki katika nafasi yake, na mtoto aweza kuona kwamba mbili ya kwanza ni ndogo kuliko nne.

Nukta ina kazi nyingine tena ambayo haina budi kutengwa. Saa nazo huandikwa mara nyingi kwa nukta, na ratiba ya boti yaweza kusema saa 2.30. Chombo kitokacho saa 2.30 na kusafiri kwa saa moja na dakika 45 hufika saa 4.15; lakini desimali 2.30 na 1.45 zikijumlishwa hufanya 3.75. Alama ni moja, hesabu ni mbili, kwa kuwa saa hugawanywa kwa sitini. Mwalimu aionyeshe tofauti hii waziwazi, asingoje mtoto ajikwae.

IV. Kasoro na ushei katika kujumlisha

Kanuni ya kitabuni ya kukaribisha yajulikana: tarakimu ifuatayo ikiwa tano au zaidi, ongeza moja, ikiwa chini ya tano, iache. Kwa kanuni hiyo 3.75 huwa 4, na 12.4 huwa 12, na jumla iliyokadiriwa ni 16. Makadirio hayo hulikataa jawabu la 4.99 mara moja. Lakini jawabu la 15.79 hayalikatai, kwa kuwa 15.79 iko karibu na 16 karibu sawasawa na 16.15 yenyewe. Kanuni ya kitabu imeishia hapo.

Lugha ya sokoni haiishii hapo. Mwenye kuuza hasemi tu “nne”. Husema “nne kasoro robo”. Wala hasemi tu “kumi na mbili”. Husema “kumi na mbili na ushei”. Neno *kasoro* hushika namba nyepesi iliyo juu na kukumbusha kwamba imezidi. Neno *ushei* hushika namba nyepesi iliyo chini na kukumbusha kwamba imepungua. Kila neno hutoa namba pamoja na upande wa kosa lake, na upande huo ndio uliotupwa na kanuni ya kitabu.

Sasa hesabu ileile irudiwe kwa maneno haya: nne kasoro robo, na kumi na mbili na ushei. Jumla ni kumi na sita, pungufu robo, na zaidi ya ushei. Ushei ule ni 0.4, karibu na nusu; umeshinda robo. Kwa hiyo jawabu la kweli lazima lizidi 16 kidogo. Jawabu la 15.79 liko chini ya 16, basi halikubaliki.

Kutokana na mfano huu zapatikana kanuni tatu za kujumlisha. Namba zote zikiwa na ushei, jumla ya kweli huzidi makadirio. Zote zikiwa na kasoro, jumla ya kweli hupungua: 4.9 na 6.9 ni tano na saba, zote kasoro, basi jawabu ni chini ya 12, nalo ni 11.8. Moja ikiwa na kasoro na nyingine ushei, makosa hufidiana, na makadirio hukaribia sana: 4.9 na 6.2 hukadiriwa 11, na jawabu ni 11.1.

Kanuni ya kwanza si ya daftarini tu. Mvuvi aletapo dagaa wakavu katika mwalo wa Kibirizi au wa Katonga, akapimiwa mafungu manne ya kilo 2.4, 3.4, 1.4 na 5.4, mnunuzi aweza kusema, “Tuhesabu kilo nzima, tusisumbuane na nukta.” Kwa kanuni ya kitabu hakuna kosa, maana kila fungu lina nne baada ya nukta, na nne huachwa. Jumla huwa 2 na 3 na 1 na 5, yaani kilo 11. Jumla ya kweli ni 12.6. Kilo moja na zaidi ya nusu imepotea, na hakuna aliyesema uongo. Aliyezoea kusema “mbili na ushei, tatu na ushei, moja na ushei, tano na ushei” huzisikia shei nne zikilundikana, akajua kwamba deni limekua. Mara nyingi mtoto wa darasa la tano au la sita ndiye msomaji wa mizani katika nyumba yake, na kwake somo hili ni mali ya wazazi wake.

V. Kasoro na ushei katika kutoa

Katika kutoa mambo hugeuka, na hapa ndipo watoto wengi hupotea, kwa sababu huchukua kanuni ya kujumlisha wakaitumia bila kuigeuza. Dumu la mawese lina lita 20. Zimeuzwa lita 7.85, zimebaki ngapi? Majawabu ya makosa ni 13.85, kwa mtoto aliyetoa 7 katika 20 akaishusha 85 kama ilivyo, na 13.15, kwa yule aliyesahau kwamba amekwisha kuazima. Kwa lugha ya sokoni, 7.85 ni nane kasoro. Ishirini kutoa nane ni kumi na mbili. Lakini kilichotolewa kimezidi kile kilichouzwa. Basi kile kilichozidi kirudishwe, na jawabu ni kumi na mbili na ushei. Jawabu sahihi ni 12.15. Majawabu yote mawili ya 13 yameanguka, na mtoto anajua si tu kwamba ni makosa, bali pia kwamba lita moja nzima au zaidi imehesabiwa ambayo haimo dumuni.

Kanuni za kutoa basi ni hizi. Namba zote mbili zikiwa na kasoro, au zote mbili zikiwa na ushei, makosa hufidiana: 9.8 kutoa 4.9 hukadiriwa kumi kutoa tano, yaani 5, na jawabu ni 4.9. Ile itolewayo ikiwa na kasoro, na ile inayopunguzwa ikiwa na ushei, makosa hujumlika na jawabu la kweli huzidi: 10.3 kutoa 4.8 hukadiriwa 5, lakini jawabu ni 5.5. Mambo yakiwa kinyume, jawabu la kweli hupungua: 9.8 kutoa 4.3 hukadiriwa 6, na jawabu ni 5.5. Kwa kifupi, katika kujumlisha wasiofanana hufidiana, na katika kutoa wafananao hufidiana.

VI. Kiasi cha kukaribisha

Yabaki swali la mwisho: namba ikaribishwe hadi wapi? Jawabu hutegemea kazi iliyokusudiwa. Meli ya Liemba, iliyoanza kazi ziwani kwa jina hilo mwaka 1927, ina urefu wa mita 71.4. Msimuliaji husema mita sabini na ushei, na hakuna alaumuye. Fundi apimaye mahali pa kuipandishia nchi kavu hana budi kuishika ile sehemu ya nne katika kumi. Vivyo hivyo kina cha Ziwa Tanganyika, chenye mita kama 1,470 mahali pake pa chini kabisa, hutajwa katika mazungumzo kuwa elfu moja na nusu kasoro.

Darasani yafaa kuanza na namba nzima, kwa kuwa makadirio ya mbali hukamata kosa kubwa la nukta iliyopotea mahali pake. Kisha pande za kasoro na ushei zitazamwe. Majawabu mawili yakibaki yanashindana, ndipo mtoto akaribishe kwenye sehemu za kumi: 3.8 na 12.4 ni 16.2, na shaka imekwisha. Makadirio yafanywe kwa mdomo kwanza, kabla ya tarakimu kupangwa, kwani akadiriaye baada ya kupata jawabu hulifuata jawabu lake badala ya kulipima.

Mambo matatu yatokana na haya kwa waalimu na kwa watengenezao istilahi. Desimali zisomwe tarakimu moja moja. Nafasi ya kwanza baada ya nukta iitwe kwa jina lisilogongana na makumi. *Sehemu moja katika kumi* ni refu, lakini haliwezi kueleweka vibaya. Na maneno *kasoro* na *ushei* yaandikwe katika vitabu vya hesabu pamoja na kanuni ya kukaribisha, kwa kuwa kanuni hiyo peke yake husema namba iliyo karibu, na maneno hayo husema jawabu la kweli liko upande gani wa namba hiyo.